Nirudishie Meno Yangu

Juzi nilienda Kitui mjini kununua kompyuta ya kutengenezea picha. Nimestaafu ualimu, na nimechoka kuona picha za ukoo wetu zikiliwa na mende sandukuni. Kijana wa dukani akanieleza mambo ya memori na skrini, nami nikawa naitikia tu kama mtu anayeelewa. Kisha akaingiza picha niliyomletea, akafungua programu yake ya bei kali, na kufumba na kufumbua meno ya nyanya yangu yakajaa, yamenyooka sawasawa. "Mwalimu, umeona?" akaniuliza. Niliona. Nikajikuta kwetu Kikima, miaka ya sitini, nikiwa na miaka tisa.

Susu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa yakawa na ncha, na mapengo katikati. Siku zao msichana alichongwa kwa patasi ndogo, na akilia, aibu ilikuwa ya nyumba nzima. Susu hakulia. Hilo alitusimulia kila tukipepeta pojo, mpaka tukalikariri. Lakini mimi nilikuwa msomi wa darasa la tatu, na kanisani tulifundishwa kwamba hayo ni mambo ya ushenzi. Nilimpenda Susu, lakini meno yake niliyaonea haya. Leo nasema wazi.

Alipoamua kupigwa picha, ya kwanza maishani, ili vitukuu wake wamjue, tulishuka sokoni Kikima kwa miguu, yeye na nguo yake ya Jumapili. Studio ilikuwa chumba cha mabati kinachonuka dawa. Susu akakaa, akatabasamu, meno yote nje. Alipotoka kwenda kununua chumvi, nikamnong'oneza mpiga picha ayatengeneze yale meno. Akacheka, akasema hiyo ni kazi ya penseli tu: angejaza mapengo kwenye negativu, ile filamu inayotoa picha, kabla ya kuisafisha picha.

Jumamosi iliyofuata Susu aliishika picha kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Huyu ni nani?"

"Si ni wewe, mama," mpiga picha akasema.

"Mimi nilichongwa na sikulia. Huyu hajafanyiwa chochote."

Mpiga picha akaniangalia. Susu naye akaniangalia, akaelewa. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza hata kidogo. Alimwambia tu yule bwana, "Nirudishie meno yangu," akakalia kiti na kukataa kuondoka mpaka penseli ikafutwa, na picha nyingine ikasafishwa na kukauka.

Njiani aliwasimamisha watu awaonyeshe. Tulipokaribia nyumbani alinipa mimi niibebe. Nikajikuta nami nawasimamisha watu, kifua mbele, nikisema huyu ni susu wangu.

Ile studio siku hizi ni duka la simu, na kwetu hakuna tena mtu mwenye meno ya namna hiyo. Susu alikuwa wa mwisho. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana wa kompyuta arudishe meno ya nyanya yangu. Tukachagua programu ya bei nafuu, inayofuta mikunjo ya karatasi na kuuacha uso ulivyo, na kompyuta ya kawaida inayoiweza.

Sasa kila asubuhi nikiiwasha, Susu ndiye wa kwanza kwenye skrini, meno yote nje. Wajukuu wakiniuliza huyu ni nani, nawaambia: huyu ndiye ambaye hakulia.