Kompyuta Nne Ndani ya Moja

Mke wangu alipohamia Gulu na watoto wetu wawili, nilinunua seva kuukuu ya ofisi, nikaiweka mezani kwangu Mbuya iwe kompyuta ya nyumbani. Mashine moja kama ile hubeba kompyuta kadhaa ndani yake. Nikatengeneza nne kwa programu, kila mtu na yake, kama tulivyokuwa na sahani zetu. Upuuzi, najua, wala sihitaji kuambiwa. Feni zake zilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi ya posho, lakini angalau nyumba ilikuwa na kelele tena.

Juzi umeme ulikatika, ukarudi nikiwa sokoni. Nilikuta kompyuta za mke na watoto zimejiwasha zenyewe. Yangu ilikuwa imezima. Wote niliwawekea amri ya kujiwasha, nikajisahau mimi.