Samaki Waliokauka Nje Tu

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, kama moshi wake ungali machoni mwangu. Nilikuwa bibi arusi wa juzijuzi hapa Kindu, enzi za Zaire, mume wangu akifanya kazi kwenye reli. Tulikaa na mama yake, Mama Salima, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mkono wake wa kukausha. Samaki wa mtoni, uyoga, mihogo, vyote alivikausha juu ya uchaga wa jikoni na kuvifunga ndani ya madebe, akiba ya miezi ya mvua, reli inapokatika na unga wa kusini haufiki. Hata wanawake wengine walimletea samaki wao awakaushie.

Siku hiyo alikuwa anakwenda Lubutu kwenye matanga ya ndugu yake, na uchaga umejaa samaki. Akaniambia, "Binti yangu, moto kidogo tu. Moto mukubwa njo unadanganya: samaki inakauka inje, ndani iko na maji. Mbele ya kufunga, vunja moja, angalia karibu na mufupa."

Nilimsikia vizuri. Lakini mkubwa mmoja wa chama alitarajiwa kutoka Kinshasa, na sisi wanawake vijana tulikuwa kwenye mazoezi ya kumwimbia na kumchezea. Mimi nilipangwa mstari wa mbele, tena nimepewa kitenge kipya. Ningekaaje kulinda samaki? Nikarundika kuni. Kabla ya adhuhuri samaki walikuwa wagumu kama ubao. Nikawatia madebeni, nikafunga, nikaenda kucheza. Haraka haina baraka, tuliambiwa tangu utotoni, ila sikio la ujana ni zito.

Aliporudi akaniuliza, "Ulivunja moja?"

"Nilivunja, mama."

Neno dogo namna hiyo. Akaniamini, hakufungua.

Mvua zikaja, reli ikakatika, soko likawa tupu. Jirani yetu Mama Kapinga, mtu wa Kasai, akaja na watoto wake. Kwao chakula kilikuwa kimekwisha. Mama Salima alifurahi kuwa na cha kumpa. Akafungua debe la kwanza. Harufu ilitutoa nje. Ukungu mweupe, na funza. La pili vilevile. Watu husema akiba haiozi, mwanangu. Yangu ilioza.

Mama Salima alinitazama kidogo, kisha akamwambia jirani, "Ni mimi. Uzee huu. Nilifunga samaki mubichi."

Nami nilisimama palepale na mdomo wangu mzima, nisiseme kitu. Mihogo mikavu iliyobaki akaigawa, nusu kwetu, nusu kwa Mama Kapinga.

Jioni nikamfuata jikoni. "Mama, ni mimi niliharibu."

"Najua," alisema, huku akichambua majani ya muhogo. "Samaki tutapata ingine. Lakini nilikuuliza, ukanijibu."

Hakulitaja tena jambo hilo. Lakini maneno yalikwisha tembea, kwamba mkono wa Mama Salima umezeeka. Wanawake wakaacha kumletea samaki. Niliwaona wakipita mlangoni petu na vikapu vyao, naye akiwasalimia kwa upole, nami nikijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa miaka.

Nilisema kwenye matanga yake. Niliwasikia wanawake wakimsifu kuwa alikuwa fundi kabla ya uzee kumpata, nikasimama katikati yao. "Mkono wake haukukosea hata siku moja. Ni mimi." Mama Kapinga akajifunika uso kwa kitenge. Na aliyestahili kulisikia neno hilo alikuwa amekwisha zikwa.

Basi, mwanangu, kausha kwa moto mdogo, wala usifunge kitu ambacho hujakivunja ukaona ndani. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliosikia uongo, maana jina la mtu likichafuka halisubiri ujasiri wako. Mimi nilichelewa, na aibu hiyo nitaingia nayo kaburini. Wewe Mungu akujalie nyumba isiyokosa chakula wakati wa mvua, majirani wa kula nao, na ulimi unaowahi. Amina.