Siku thelathini za kuandika mashairi Sumbawanga ili nipewe mke

Wakuu, heshima kwenu. Najua likitajwa jina la Sumbawanga akili zenu zinakimbilia radi za kutumwa na uchawi wa usiku. Leo ni ushairi tu. Kisa ni changu, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ndiyo kwanza zimefunguliwa. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Familia yetu ilitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wake, ikaweka kambi jirani na Kasense, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Mimi ng'ombe walinishinda, nikawa nauza mitumba mjini.

Huko Kasense nikampenda Skola, binti wa Kifipa. Naye akanipenda, sijui aliona nini.

Tatizo likawa baba yake. Hakunitukana. Alimwambia binti yake, "Watu wa ng'ombe leo wapo, kesho wamehama. Sitaki kukutafuta Morogoro."

Sasa mjini kulikuwa na mwalimu mstaafu, Mwalimu Fabiani. Mwaka ule akatangaza mwezi wa ushairi. Kila siku unaandika shairi moja, kila Jumamosi alasiri mnakutana ukumbini kughani. Ukiruka siku moja, unaanza upya.

Skola akampelekea baba yake habari kwamba nimejiandikisha. Mzee akajibu, "Akimaliza mwezi, nitakuja kusikia mwenyewe."

Basi nikaanza. Asubuhi kabla ya kufungua bando la mitumba, naandika. Siku ya kwanza niliandika kuhusu mapenzi. Siku ya tano mapenzi yakaisha, nikaandika kuhusu kitunguu.

Siku ya kumi na tisa malaria ikanilaza. Niliandika ubeti mmoja kuhusu kwinini, mbaya kuliko kwinini yenyewe. Ila siku sikuiruka.

Na niseme ukweli, nilifurahia mno. Zile Jumamosi sijawahi kuzipata tena. Kuna mama wa kwaya alighani beti kumi na mbili kuhusu ulezi ulioliwa na ndege, watu wazima wakafuta machozi. Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya Skola, nikajikuta nakwenda kwa ajili ya mashairi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Ukumbi umejaa, Skola yuko mbele. Baba yake haonekani.

Jina langu likaitwa. Nikasimama, macho nimeyagandisha kwenye karatasi. Nikafika ubeti wa tatu, ule niliouandikia mzee:

Baridi imenifunza, kuota kando ya moto
Sihami nikishaanza, hata likija fukuto

Makofi. Taratibu, ya heshima, ukumbi mzima.

Moyo ukajaa. Nikainama, nikaurudia ubeti kama wanavyofanya waghani wakishangiliwa. Makofi tena. Nikaurudia. Makofi tena. Nikaurudia, safari hii kwa sauti ya juu.

Mwalimu Fabiani akanivuta shati. "Kijana, wanasalimiana."

Nikainua macho. Kumbe baba Skola amefika na wadogo zake wawili, wanaingia mmoja mmoja kila anapomaliza kuegesha baiskeli. Na Mfipa akimwona mzee huinama na kupiga makofi taratibu. Ndiyo salamu yake. Nimeishi nao miaka, nimeipiga mwenyewe mara ngapi sijui, siku ile nikajipa shangwe.

Skola alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Nilimalizia shairi kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Aibu ile naisikia hadi leo.

Nje nikamkuta mzee anapangusa kiti cha baiskeli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ule ubeti umeurudia mara nne."

Nilikuwa nimeughani mara ya kwanza, nikaurudia tatu. Sikumsahihisha.

"Ndiyo baba."

"Na hakuna aliyekuomba."

"Hakuna, baba."

Akapangusa kiti kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Mtu wa namna hii hahami," akasema. "Jumapili waje wazee wako."

Wakuu, funzo nililopata ni dogo. Ukiandika kila siku, mengi yatakuwa ya vitunguu, lakini kuna anayehesabu siku zako. Na inua macho unapoghani.

Tuna wajukuu sasa, na tupo Kasense hii hii. Nikianza kurudia hadithi niliyokwisha kuisimulia, Skola huinama kidogo, akapiga makofi taratibu.

Na nyie mliowahi kujichanganya mbele ya wakwe, shusheni visa vyenu hapa. Nasoma vyote, siendi popote.