Muhtasari wa Ukoo Wetu

Baba alipofariki, mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao cha ukoo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na mwandiko mzuri na rula, na kwa miaka mingi nilikuwa mtunza stoo wa idara moja ya serikali mjini Dodoma. Mahakama ya mwanzo haimteui msimamizi wa mirathi mpaka ione muhtasari huo: nani walihudhuria, nani amependekezwa, marehemu ameacha nini.

Tulikaa Mkonze, nyumbani kwa marehemu, siku ya kuanua matanga. Wanaume tulikuwa barazani. Wanawake walikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, wakisonga ugali. Kaka yetu mkubwa alipendekezwa kuwa msimamizi, akakubaliwa kabla chai haijapoa. Nikaandika majina ya wanaume kumi na mmoja. Kisha, kwa kuwa hakimu hutaka kuona watoto wote wa marehemu, nikaongeza jina la dada yetu chini ya neno “waliohudhuria”. Nilimpelekea karatasi na kidau cha wino jikoni. Alifuta unga mkononi, akabonyeza dole gumba, akarudi kwenye sufuria. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mwanamke haingii kikaoni, ila jina lake huingia.

Dada huyo alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake ya Chemba kuvunjika. Alimuuguza baba hadi mwisho, na shamba la mizabibu lilikuwa mikononi mwake: yeye ndiye aliyepogoa, yeye aliyefukuza ndege, yeye aliyebishana na wanunuzi binafsi walioanza kuja serikali ilipoacha kununua kila kitu. Sisi wengine tulikula zabibu.

Hazikupita wiki nyingi kaka akaleta mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Walilipima shamba kwa hatua, kisha wakakipima na chumba anacholala dada, yeye akiwa amesimama mlangoni.

“Mnapima nini?”

“Mali ya ukoo,” kaka alimjibu. “Ulikubali mwenyewe. Dole lako liko mahakamani.”

Dada akaja kwangu. Wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazini, na nilikuwa nasoma. Nilikuwa na nakala ya Katiba, pamoja na tafsiri iliyopigwa stensili ya mkataba wa kimataifa unaopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao nchi yetu imeuridhia. Nilivisoma kama nilivyokuwa nikisoma kanuni za stoo, ibara kwa ibara, penseli mkononi. Nikamwambia atulie. Usawa mbele ya sheria upo ibara ya kumi na tatu. Haki ya kumiliki mali ipo ishirini na nne.

“Na dole langu,” aliniuliza, “lipo ibara ya ngapi?”

Nikaandika pingamizi la kurasa sita. Katika mahakama ya mwanzo mawakili hawaruhusiwi, kwa hiyo nilisimama kama ndugu yake. Nilisoma Katiba, nikasoma mkataba. Nilipofika ukurasa wa nne hakimu alinikatiza.

“Mzee, mkataba ukiridhiwa unaibana serikali. Mimi siutumii kama sheria mpaka Bunge liutungie sheria. Na maombi ya haki za msingi yanakwenda Mahakama Kuu, kwa majaji watatu. Mimi hapa niko peke yangu na wazee hawa wawili.”

Mzee wa baraza mmoja alicheka wazi. Kaka akasimama.

“Mheshimiwa, mvumilie. Serikali ilimpunguza, sasa ameajiriwa na Umoja wa Mataifa.”

Watu kwenye mabenchi walicheka mpaka karani akagonga meza. Nilimchukia hakimu yule kwa muda mrefu. Baadaye nilikagua alichosema, na alikuwa sahihi katika yote mawili.

Siku ile hakimu akauinua muhtasari.

“Lakini hapa pana jambo dogo. Mleta pingamizi alihudhuria, akakubali, akaweka dole. Leo anapinga nini? Nani aliyeandika hii?”

Kaka aligeuka kunitazama. Alikuwa anatabasamu. Alijua ninavyojivunia mwandiko wangu, na alijua kwamba mtu anayepeleka uongo mahakamani hufungwa.

“Sema, bwana stoo,” alinong’ona.

“Niliandika mimi.”

“Mleta pingamizi alikuwepo kikaoni?”

“Hakuwepo, mheshimiwa. Alikuwa jikoni. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja kikaoni.”

“Kwa hiyo uliidanganya mahakama hii.”

“Ndiyo.”

“Unajua ni kosa la jinai?”

“Najua.” Nilikuwa nakijua hata kifungu chenyewe.

Hakimu alinitazama kama mtu anayekagua gunia lililotoboka. Kisha akasema kwamba kumsikiliza mtu kabla ya kuamua juu ya mali yake hakusubiri majaji watatu. Akaufuta muhtasari, akasimamisha uuzaji, akaamuru kikao kirudiwe na watoto wote wa marehemu wakae ndani yake kwa miili yao. Mimi alinionya, na onyo likaandikwa. Niliporudi nyumbani nilifungua Katiba yangu. Haki ya kusikilizwa ilikuwa humo, katika ibara ileile ya kumi na tatu, na katika mikataba mingine ya kimataifa pia imo. Nilikuwa nimeiruka bila kuipigia mstari kwa sababu ilionekana ndogo.

Nje ya mahakama kaka alitema mate karibu na viatu vyangu.

“Umeuza damu yako kwa makaratasi. Nikifa usikanyage msibani kwangu.”

“Nitakuja,” nikamwambia, “kuhakikisha.”

Sijutii jibu hilo, ingawa najua ni baya.

Kikao cha pili dada alikuja na kigoda chake kutoka jikoni, akakiweka katikati ya viti vya wanaume. Shangazi yetu alimfuata, akaamkia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” na waliomwitikia walikuwa wawili tu. Nikatoa rula na karatasi.

“Huyo asiandike,” dada alisema.

“Dada, mimi ndiye niliyesema kweli mahakamani.”

“Kweli uliisema ulipoulizwa. Uongo uliuandika bila kuulizwa.”

Kaka alicheka, nami nikaiweka rula chini. Dada alikuwa amemwita mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi. Mwalimu aliandika polepole, herufi zimelala huku na huku. Walibishana mchana kutwa. Kaka alitaka ardhi yote iuzwe. Dada alitaka shamba na chumba chake, sehemu ya nyumba iliyobaki na kiwanja cha marehemu cha barabarani wachukue wengine. Mfanyabiashara alichoka kusubiri nje, akaondoka. Kabla ya magharibi kaka akasema, “Chukua vijiti vyako vya mizabibu,” na mwalimu akaandika kwamba amekubali.

Dada aliomba muhtasari usomwe mara mbili. Mara ya pili alimzuia mwalimu kwenye jina lake, akataka alirudie. Ndipo akaweka dole.

Karatasi iliponifikia nisaini, niliusoma kila mstari. Nilitafuta kosa la kusahihisha, nikakosa, nikasaini.