Sikio la Tata Kankolongo

Baba mkwe wangu, Tata Kankolongo Tharcisse, alifunga mota kwenye mitumbwi ya ziwa Nzilo kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo hakuwa na chombo cha kupimia mzunguko wa mota. Alipima kwa sikio. Naandika habari zake kwa sababu mke wangu Angèle ameniomba, na pia kwa sababu watu wa ufuoni wanaisimulia vibaya ile siku niliyompigia kelele mbele yao.

Alizaliwa Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi karibu na Kolwezi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na yeye akaingia kampuni alipofika miaka ishirini. Walimweka kwenye chumba cha kompresa, zile mashine kubwa za kusukuma hewa. Humo ndani mtu akikuita kwa jina husikii. Alikaa humo miaka ishirini na miwili. Alikuwa akisema kwamba kompresa inayotaka kuharibika hubadilisha sauti siku mbili kabla, na yeye alikuwa akiijua sauti hiyo kabla ya mainjinia. Mwaka Wakasai walipofukuzwa Katanga, kaka yake alipanda treni ya kurudi Kasai na watoto wake. Yeye alibaki. Hakupenda kueleza alibakije.

Baadaye kampuni iliwaachisha kazi watu wengi, naye akiwamo. Alikaa mwaka mzima kwenye kiti mbele ya nyumba. Mama mkwe alisema alikuwa akiamka asubuhi, anavaa nguo zake za kazi, anaketi. Halafu mvuvi mmoja alinunua mota kuukuu mjini Kolwezi na hakujua kuifunga. Mtu akamwambia, kuna mzee Musonoi anajua mashine. Tata Kankolongo akapanda pikipiki kwenda ziwani, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa mota.

Nilikuwa nikimshikia mota wakati anafunga, kwa hiyo najua alivyofanya. Kwanza alipima ubao wa nyuma wa mtumbwi kwa kijiti chake. Mota ina bamba bapa juu ya elise, yaani ile pangaboi inayosukuma maji, na bamba hilo alitaka likae sawa na tumbo la mtumbwi, au chini yake kwa upana wa kidole. Likikaa juu, elise inakula hewa. Likizama sana, mtumbwi unaburuta maji. Ubao ukiwa mrefu aliukata, ukiwa mfupi aliuongezea kipande cha mti mgumu. Kisha alikaza skrubu mbili za kubana, akaweka kipande cha raba chini yake, akafunga na kamba nene ya kuzuia mota isipotelee ziwani.

Kuchagua elise ndiko kulikokuwa kazi yake hasa. Alikuwa nazo tisa ndani ya gunia la unga. Nilipomuuliza tofauti, mwaka wa kwanza, aliniambia: "Mutu mwenye muzigo anatembea hatua fupi. Mwenye mikono mitupu anatembea hatua ndefu. Elise ni vile vile. Ukimupa mota ya muzigo hatua ndefu, inalala. Ukimupa fupi kupita, inalia, inajiua yenyewe kwa mbio. Unatafuta ile yenye inaimba."

Ndiyo maana hakukubali kujaribu mtumbwi mtupu. Mwenye mtumbwi alileta mizigo yake yote, na kama mizigo haikutosha, tata aliwaita watu wa ufuoni waingie wawe uzito.

"Tata, unatupima kilo kama mihogo," Dimitri alimwambia siku moja. Dimitri ni mvuvi, mdomo wake haulali.

"Weye hauna kilo, Dimitri. Uko maneno tu. Kaa mbele, maneno haizamishe mutumbwi."

Akifika katikati ya ziwa alifungua moto wote, yaani mota iende kwa nguvu zake zote, anafumba macho, anainamisha kichwa upande wa mota. Watu wote mtumbwini walinyamaza. Baada ya muda anasema neno moja: inalala, inalia, au inaimba. Hakuwahi kukosea. Watu walikuja hadi kutoka njia ya Sandoa kumtafuta.

Mimi nilimwoa Angèle miaka kumi na saba iliyopita. Kwetu, mkwe hambishii baba wa mke wake. Hakai kwenye kiti chake, hapandishi sauti mbele yake. Wanaume wengine wanaona desturi hiyo ni nzito. Mimi ni mtu wa aibu tangu utoto, ilinifaa.

Kiangazi cha mwaka juzi, Mama Mushiya alileta mota yake. Ni mjane, anavusha wanawake wauza samaki na magunia ya makaa kutoka vijiji vya ng'ambo, na mota hiyo ya nguvu za farasi kumi na tano aliihangaikia miaka minne. Tata aliifunga vizuri. Tulipakia magunia, wakaingia wanawake wanane. Aliweka elise ya kwanza, akafungua moto. Kwa sikio langu iliimba. Tata alitikisa kichwa.

"Inalala," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akachukua elise ya hatua fupi zaidi, akaifunga, akafungua moto tena. Mota ililia mpaka wanawake wakaziba masikio, na ndege waliokuwa kwenye matete wakaruka. Tata alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa mtulivu.

"Sasa inaimba," akasema.

Tulipofika ufuoni Mama Mushiya alinivuta kando. "Tata mukwe wako anasema inaimba?"

"Yee njo anajua," nikamjibu, yaani yeye ndiye ajuaye.

Usiku ule nilimwambia Angèle kwamba sikio la baba yake limekufa. Si lote. Ukimsemesha kwa sauti nzito karibu naye anasikia. Sauti za juu ndizo zilizoondoka, na kilio cha mota kiko juu. Kwa hiyo kila mota ilionekana kwake kama imelala.

"Umwambie," Angèle akasema.

"Mi?"

"Basi nani?"

"We ni mutoto wake."

"Mi sijue mota. Ataniuliza ni nani alinifundisha." Akaongeza, "Na ukimwambia, atarudia kukaa pale mbele ya nyumba. Ule mwaka mama alifikiri baba atakufa, hakukuwa ugonjwa. Ile kazi njo inamubeba."

Tukakubaliana kunyamaza. Nilijiambia nitabadilisha elise ya Mama Mushiya kimya kimya, lakini yeye alikuwa amevuka alfajiri, na kila niliporudi na nia hiyo, mtumbwi ulikuwa upande wa pili.

Wiki ya sita mota ilijibana katikati ya ziwa. Pistoni iliungua. Walikuwa watu kumi na mmoja, wakapiga makasia kwa vipande vya mbao mpaka saa tisa ya mchana. Hakuna aliyekufa. Mama Mushiya hakuja kumlaumu tata. Alikuja kwangu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia, halafu akaondoka.

Kaka yake alimletea mota nyingine, kuukuu zaidi, ya nguvu ile ile. Nilidhani Mama Mushiya ataitafutia fundi mjini. Alimwita tata. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Banawake ya hapa benyewe baliniambia ile pistoni ilikuwa tayari kufa. Na nitamwambia nini yule muzee? Kwamba sitaki mikono yake?"

Siku ya kuifunga, watu wengi walikuja kuangalia kuliko ilivyo kawaida. Tata alipokuwa anapima ubao, Dimitri alisema nyuma yake, "Mama Mushiya, safari hii uvae pamba mu masikio." Watu walicheka wakiwa wameziba midomo. Tata hakusikia, ila aliwaona.

"Banacheka nini?" aliniuliza.

"Ni Dimitri, tata. Maneno yake."

Aliniangalia muda mrefu, kisha akarudi kwenye kijiti chake. Mikono yake haikuwa na kosa. Ubao, bamba, raba, kamba, kila kitu kilikaa mahali pake. Wanawake waliingia, magunia yakapakiwa. Akafunga elise ya hatua fupi, ile ile. Mimi nilibaki ufuoni na wengine. Mtumbwi ulitoka kama mita thelathini, akafungua moto wote, na mota ikalia.

Safari hii hakufumba macho.

Alituangalia sisi. Aliwaangalia wanawake mtumbwini mmoja baada ya mwingine, halafu watu wa ufuoni, uso kwa uso. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Alikuwa anatafuta kwenye nyuso zetu kile ambacho sikio lake lilikuwa limepoteza. Na sisi sote, kwa heshima, tulituliza nyuso zetu kama watu walioko kanisani. Hakuna aliyekunja uso, hakuna aliyeziba sikio. Hata Dimitri aliangalia miguu yake. Mota ililia na sisi tukasimama hivyo, tukimfungia mlango wa mwisho.

Akazima. Mtumbwi ukaelea.

"Mama Mushiya," akasema, "inaimba?"

Mama Mushiya, aliyekuwa mle mtumbwini, aliitika kwa kichwa.

Akanigeukia mimi. "Mukwe?"

"Inalia, tata," nikasema, kwa sauti yangu.

Aliweka mkono nyuma ya sikio. Nikarudia. Akatikisa kichwa, hakusikia.

Niliingia majini. Maji yalinifika magotini, halafu kiunoni. Sauti yangu mimi ni ndogo, shuleni tukiimba mwalimu alikuwa akinirudisha mstari wa nyuma kwa sababu hiyo. Siku ile nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Nilisema, inalia, tata, inalia. Nilisema, na ile mota ya kwanza ililia. Nilisema, hausikie tena. Sikukusudia kusema hilo la mwisho. Lilitoka na mengine, na ziwa lilikuwa shwari, kila mtu akalisikia mpaka kwenye vibanda vya samaki.

Mwanamke mmoja mtumbwini alisema, "Yo, mama," polepole.

Tata alifungua gunia, akatoa elise nyingine, akaiinua juu nione. Nikaitika kwa kichwa. Aliibadilisha mwenyewe, akiwa ameinama juu ya maji, bila kuangusha hata pini. Alipovuta kamba na kufungua moto, mota iliimba. Niliinua mkono. Aliuangalia mkono wangu, akarudisha mtumbwi ufuoni, akampa Mama Mushiya baraka ya safari kama alivyofanya daima. Angèle alikuwa amepika bukari, yaani ugali, na samaki. Tata hakuja kula. Alipanda pikipiki akarudi Musonoi.

Baada ya siku tisa, Tata Ntambwe, mdogo wa baba mkwe, aliniletea ujumbe: mkwe aliyempigia baba wa mke wake kelele mbele za watu alete mbuzi. Sikubisha. Nilimpeleka mbuzi Musonoi nyuma ya pikipiki, miguu imefungwa. Tuliketi ndani pamoja na ndugu na majirani, ukutani kuna nyufa zilizoletwa na baruti za mgodi, na tata akatazama mbuzi na mimi.

"Mbuzi ni ya kelele," akasema. "Maneno, hapana. Maneno ilikuwa ya kweli, hatulipishe mutu juu ya kweli." Akaniuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kiangazi, tata."

Hakusikia. Ikanibidi nipandishe sauti, hapo hapo, mbuzi wa kelele ya kwanza hajapokewa bado. Tata Ntambwe alimwangalia yule mbuzi, nadhani alikuwa anafikiria wa pili.

"Kiangazi," tata akasema. Alihesabu miezi kwa vidole. "Basi ni mota saba nilifunga bila kusikia." Aliniletea gunia la elise kutoka chumbani, akaliweka karibu na miguu yangu. "Utafunga weye. Batu nitabatuma kwako. Mi sirudie kule."

Nilitaka kumwambia kwamba mikono yake bado ni mizuri, kwamba afunge yeye na mimi nisikilize. Nilikuwa nayapanga maneno hayo tangu nimepanda pikipiki. Lakini yalihitaji kusemwa kwa sauti kubwa, na nyumba ilikuwa imejaa watu.

Alikuwa bado anaangalia vidole vyake.

"Ile mota ya Mushiya," akasema, "ni mi njo niliiua. Mama mujane. Mi peke yangu."

"Ni sisi, tata," nikasema. Lakini nilisema kwa sauti yangu ya kila siku, naye hakusikia. Sikurudia.