Mbwa Tuliyemfundishia Debe

Mpaka leo sijui kama nilimpenda mbwa yule au nilimwogopa tu. Ninachokijua ni kwamba kwa siku saba, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, niliamka kila alfajiri nikisikiliza kama debe litapigwa.

Debe ndilo tulilomfundishia. Kabla ya kuhamia kijijini tuliishi mbali na watu, upande wa Sindeni, nyumba mbili na shamba la mahindi, na nyani walikuwa wengi kuliko sisi. Baba alimleta mbwa akiwa mdogo, masikio bado yamelala, akamfundisha kama mbwa wote wa shamba walivyofundishwa kwetu. Baba alikaa juu ya dungu la kulindia mahindi akapiga debe. Mimi nilikimbia kati ya mistari ya mahindi. Mtoto wa mbwa akaachiwa, na aliponishika upindo wa nguo alitupiwa ukoko wa ugali. Nilikuwa nyani wake wa kwanza. Nilicheka sana siku zile, na kicheko kile ndicho kilichokuja kunitoa usingizini baadaye.

Serikali ilipotuhamishia kijijini tulikuta nyumba zimepangwa mstari mmoja ulionyooka, mlango kwa mlango, na katikati uwanja. Mbwa wetu alikuwa ametimiza mwaka. Hakuna aliyefikiri kwamba kijijini watu huitwa kwa debe.

Alhamisi ya kwanza balozi wa nyumba kumi alilipiga, siku ya shamba la kijiji. Watu walitoka na majembe, wengine wakikimbia wasionekane wavivu. Nilimwona mbwa akisimama, manyoya ya mgongo yakisimama naye, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshapita. Alimrukia jirani yetu wa nyumba ya pili, mama mjamzito, akamvuta khanga mpaka akaanguka kwa magoti. Hakumng'ata. Alimshika upindo tu, akageuka kututazama, mkia ukicheza, akingoja ukoko wake.

Yule mama hakulia. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili bado amepiga magoti.

Jioni balozi alikuja barazani kwetu. Alikataa kukaa.

"Mbwa huyu alikuwa mzuri kule porini," alimwambia baba. "Hapa kuna watoto na wake za watu. Alhamisi ijayo nitapiga debe kama kawaida. Akimgusa mtu, panga utalishika wewe mwenyewe, si mimi."

Baba aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kubishana na serikali, hata ikija kwa miguu na kandambili.

Kesho yake alimfunga mbwa kwa kamba ya katani, akagonga sufuria mbele yake, na kila alipofurukuta alimchapa fimbo. Aliamini hivyo ndivyo kosa linavyotolewa. Kufika jioni mbwa alikuwa akinguruma hata kijiko kikigusa sahani, na usiku alitafuna kamba ikakatika. Baba hakumchapa tena. Alikaa kizingitini akinoa panga polepole, kama mtu asiyejua mikono yake inafanya nini.

Aliyenisaidia ni bibi yangu, naye hakukusudia. Bibi hakumtaka mbwa karibu. Mate yake ni najisi, na kuosha mara saba, mara moja kwa udongo, ni maji mengi mahali ambapo ndoo moja ni mwendo wa asubuhi nzima. Nilikuwa nimekaa jikoni nikilia, naye alikuwa nje akigonga ukingo wa kata kwa kidole. Kuku wake walikuja mbio kutoka kila upande, wakainamia pumba.

Nilimuuliza kwa nini hawamwogopi akigonga. Akasema kuku si wajinga, wanajua mlio wa chakula chao.

Nilianza siku ile ile. Nilichukua kopo tupu, nikaweka ukoko juu ya jiwe bapa mate yake yasiniguse mkono, nikagonga kwa ukucha, taratibu kiasi kwamba mimi mwenyewe sikusikia vizuri. Akila, nagonga. Akiacha kula na kuinua kichwa, najua nimezidisha, narudi nyuma hatua kumi. Siku ya pili niligonga kwa kijiti. Siku ya tatu alianza kunitafuta kwa macho kila kopo lilipolia.

Lakini kopo si debe, na debe halipigwi kijijini ovyo. Nilijaribu mara moja, mapigo matatu tu nyuma ya choo, mbwa nimemshika shingoni, na watu wakatoka na majembe. Balozi alinishika sikio akaniuliza kama nimekuwa katibu wa kijiji. Wengine walicheka. Mimi nilihisi mkojo ukinitoka.

Basi nilimpeleka mbwa kwenye mahame yetu, kule Sindeni tulikotoka. Kurudi kule kulikatazwa. Aliyeonekana alidhaniwa anataka kutoroka kijiji, na baba angeitwa kujieleza. Nilienda mara mbili, debe begani, nikijificha kila niliposikia baiskeli. Nyumba zilikuwa zimeshaondolewa paa, na majani yalikuwa yameanza kuota ndani mahali pa kitanda changu. Nilipiga debe humo. Nyani walitazama kutoka mwambani. Mara ya kwanza mbwa aliwakimbilia wao. Mara ya pili alisita, akageuka, akaja kwenye jiwe nililoweka ukoko.

Nilitaka siku nyingine mbili. Sikuzipata.

Jumatano adhuhuri nilikuwa nikirudi kutoka lamboni, ndoo kichwani, debe likalia. Baadaye nilijua mgeni wa wilaya alikuwa amefika bila taarifa na mkutano umeitwa. Wakati ule sikujua chochote. Niliangusha ndoo nikakimbia, maji yote yakanywewa na vumbi, na nilipoingia mwanzo wa mstari wa nyumba nilielewa kwamba ninakimbia, kwamba kila mtu anakimbia, na kwamba mbwa amesimama katikati ya njia, kamba fupi iliyotafunwa ikining'inia shingoni.

Jirani yetu alikuwa amejibana ukutani, kiganja juu ya tumbo.

Nilisimama. Sikumwita. Mbwa alimtazama yule mama, akanitazama mimi. Kisha alikuja, si mbio, akaketi mbele ya miguu yangu akatazama mikono yangu. Haikuwa na kitu.

Balozi alikuwa uwanjani na debe lake. Alituona. Nilidhani ataacha kupiga, lakini aliendelea, akaanza kutujia, hatua moja na pigo moja, akipiga kwa nguvu zaidi kila aliposogea. Watu walisimama. Ngozi ya mbwa ilikuwa ikitetemeka yote, masikio yamelala nyuma, na mimi nilijua kwamba akiinuka tu sasa amekwisha. Balozi alifika hatua tatu kutoka kwetu. Akapiga mara ya mwisho, juu kabisa ya kichwa cha mbwa.

Hakuinuka.

"Mpe chakula chake, binti," balozi alisema.

"Sina, mzee."

Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichofungwa kwenye jani, akakidondosha chini huku akiangalia pembeni, kama mtu aliyeangusha kitu kwa bahati mbaya.

"Kesho mfunge hata hivyo," alisema. "Kwa mnyororo."

Akaondoka na debe lake kwenda mkutanoni, na watu wakamfuata. Jirani yetu alibaki ukutani muda mrefu, kisha akapita kwa upande wa mbali wa njia bila kunisalimia. Nilitaka kumfuata nimwombe radhi. Badala yake nilikaa pale vumbini kando ya mbwa mpaka mkutano ukaisha.