Chokaa Imemchoma

Mama yangu alikuwa mtu wa tambuu. Akishasali alfajiri tu, anakunja yake: jani, popoo, chokaa, kipande cha tumbaku. Nyumbani kwetu Ng'ambo mgeni hajakaa vizuri, kijaluba cha tambuu kishafunguliwa mbele yake. Tangu nipate akili, kinywa cha mama nakijua chekundu.

Ndiyo maana kidonda cha ulimini hakikumtisha mtu. Mla tambuu akiungua mdomo, kwetu jibu ni moja: chokaa imemchoma. Mama akamgombeza muuza chokaa sokoni mbele za watu, maskini ya Mungu, akahamia kwa mwengine. Wa pili naye akaambiwa chokaa yake kali. Mate ya mama yalikuwa na damu, lakini nani angejua? Yalikuwa mekundu miaka yote.

Aliposhindwa kumeza hata wali nikampeleka hospitali. Wakakata kipande kidogo cha nyama ulimini, wakapima, ikawa saratani. Daktari, mwanamke wa makamo aliyewahi kufanya kazi bara, akanieleza kuwa wagonjwa wa mdomo na koo huku pwani na visiwani anawaona wengi kuliko alikotoka, na kila mwaka anaona wanazidi. Wengi ni watu wa tambuu na tumbaku, na wengi huja wameshachelewa. Nikamsikiliza kama nasomewa bei ya samaki. Akasema mama bado ana nafasi. Avuke Dar es Salaam upesi, akatwe ulimi, sehemu kubwa, kisha apigwe mionzi.

Tukarudi nyumbani, mama akakaa kitandani. Akaniambia nifunge mlango.

"Nkikatwa ulimi, siku ya kufa shahada ntaitamka na nini?"

Nikamwambia Mungu anajua ya moyoni. Hakunisikiliza. Nikamwita kaka yake, mtu wa dini anayemheshimu, naye akamwambia vivyo hivyo: bubu hahukumiwi kwa ulimi wake, na kujitibu ni amri.

"Bubu kaumbwa bubu," mama akamjibu. "Mimi nkatwe kwa kutaka mwenyewe?"

Mjomba akaaga. Mimi sikukubali. Hasira zilinipanda, nikamuuliza kama anataka kufa. Akanijibu taratibu, kwa ule ulimi unaomuuma, kuwa anataka kufa vizuri.

Baada ya hapo sikusikia kitu tena, si hasira wala huzuni. Nilipika uji, nikauchuja, nikafua kanga, nikaitikia salamu. Mashoga zake walikuja kumtazama, wakakaa mkekani, wakamwombea dua huku wanatafuna. Mmoja alisema ni ile chokaa, na wenziwe wakaitikia naam. Nikawaletea kopo la kutemea.

Ugonjwa haukuwa na haraka. Ulimi ulivimba, ukawa mgumu. Maneno yakaanza kumponyoka. Nilikuwa mimi peke yangu ninayemwelewa, kisha hata mimi sikumwelewa. Alikuwa akijaribu kusoma Fatiha, nikijua ni Fatiha kwa sababu ya wakati wa sala tu.

Siku yake ilipofika ilikuwa mchana, watu wametoka kusali adhuhuri. Nikainama sikioni nikamsomea shahada polepole, nikamsubiri afuatishe. Nikamsomea tena. Mdomo ulikuwa wazi. Ulimi wake alikuwa nao mzima, haujakatwa hata kidogo, na hakuweza kuutikisa.